Mwaka Tulipolikataa Duka la Rehani

Mama alisikia habari za lile duka hata kabla bango halijawekwa. Alikuwa ametoka kununua sukuma wiki, akaingia jikoni na fungu mkononi, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Shailoki anafungua hapa kona," alisema. "Kwa ile nyumba ya mawe, karibu na kanisa."

Kwetu Nairobi shailoki ni mtu anayekukopesha pesa huku ameshika mali yako. Unampelekea redio, cherehani au pasi, anakuandikia karatasi. Ukirudi kwa wakati unachukua kitu chako. Usiporudi, anakiuza. Mjini walikuwa wengi, katika vyumba vya ghorofani kule mitaa ya chini ambako ngazi hunuka mkojo na mafuta ya taa. Lakini mtaani kwetu Kabiria hatukuwa na hata mmoja, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kulifikiria jambo hilo.

"Si afungue tu, Mama," nilimwambia. "Asiyetaka asiende."

Alinigeukia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi moja ya Upper Hill, na nilidhani naijua kila sura ya uso wa mama yangu. Ile sikuijua.

"Hapa hafungui," alisema. "Nikiwa hai, hapa hafungui."

Niseme kidogo jinsi tulivyoishi. Baba alikuwa seremala, naye alikuwa amefariki miaka kumi kabla ya hayo. Alituachia ploti yenye nyumba yetu, vyumba vinne vya mabati ambavyo Mama alivipangisha, na karakana yake iliyokuwa upande wa barabara. Karakana ilifungwa kwa kufuli. Watu walikuja kuiomba, mwenye kutaka kufungua kinyozi, mwenye kutaka kuuza makaa, na kila mmoja Mama alimwambia paa linavuja. Paa halikuvuja. Wakati wa mvua nilisimama mle ndani mara moja, kwa sababu nilitaka kujua, na sakafu ilikuwa kavu kabisa. Maranda ya mwisho aliyoyatoa Baba kwenye mbao yalikuwa bado yamejikunja chini ya meza, yamegeuka rangi ya chai.

Tena kulikuwa na lile dirisha. Kila siku ikikaribia saa kumi ya jioni, Mama alilifunga dirisha la sebule linaloangalia barabara. Jua liwe kali, kuwe na wageni, alilifunga na kuvuta pazia, kisha baada ya nusu saa alilifungua tena na kuendelea na shughuli zake. Wageni walidhani anakwepa vumbi. Mimi nilijua si vumbi, lakini katika nyumba yetu kulikuwa na mambo ambayo hatukuyauliza, na tulikuwa tumeyazoea kama mtu anavyozoea jino bovu, hatafuni upande huo, basi.

Mama alianza kazi ya kulipinga duka siku ileile. Alikwenda kwa mwenyekiti wa wakazi, mwalimu mstaafu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaketi naye mpaka chai ikapoa. Alipita nyumba kwa nyumba na akina mama wenzake wa kanisa. Sababu walizokuwa nazo zilikuwa za kweli, sizikatai hata leo. Vijana wataanza kuiba pasi za mama zao kwa sababu sasa kuna pa kuzipeleka karibu. Wevi watapata soko. Mtu akilewa Jumamosi ataamka Jumapili hana godoro. Na mlango wenyewe ulitazamana na chekechea.

Barua kwa ofisi ya leseni niliiandika mimi. Niliipiga chapa Upper Hill, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka, na dirishani kwangu nikiwa naona paa za hospitali kuu. Niliipenda barua ile. Niliandika kwamba duka la aina hiyo "litaleta wizi katika mtaa ambao umekuwa na amani." Niliisoma mara mbili na kuona imekaa vizuri. Nilipoileta nyumbani, Mama aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye neno wizi, kidole kilisimama.

"Hili ni lazima?" aliuliza.

"Mama, si ndiyo sababu yenyewe?"

Alitia sahihi, ya kwanza kabisa juu ya karatasi, na baada yake zikafuata sahihi za karibu mtaa mzima.

Mwenye duka alipopata habari kwamba tunampinga, aliomba kuja kuzungumza nasi. Mwenyekiti alikubali, na mkutano ukaitwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa. Sijui tulitarajia kumwona mtu wa namna gani. Aliingia mzee mwembamba mwenye sweta ya kijivu iliyoshonwa viwiko, akavua kofia mlangoni, akasalimia kwa mkono watu wote wa viti vya mbele. Duka lake, alisema, liko ghorofani mjini miaka mingi. Hapokei kitu bila kitambulisho cha mtu. Hapokei kitu cha mtoto.

"Mimi huletewa vitu na watu ambao benki haiwezi kuwaangalia," alisema. "Mtu ana mgonjwa. Anahitaji pesa leo, si wiki ijayo. Atakwenda wapi?"

Mwanamke aliyeuza mboga kwenye kituo alisema kutoka nyuma, "Na huyo anaongea ukweli." Watu wakamnyamazisha.

Mzee yule alikuwa akizungusha macho ukumbini akizungumza, kama mtu aliyezoea kutazama nyuso na kuzikumbuka. Macho yake yalimfikia Mama yakatulia. Halafu akatabasamu, na nasema haya kwa sababu nimeyafikiria sana: hakukuwa na ubaya wowote katika tabasamu lile. Lilikuwa la mtu aliyefurahi kumwona mteja wa zamani.

"Ah, Mama," alisema. "Ni wewe. Mzee alipona?"

Watu waligeuka.

"Sikujui," Mama alisema.

"Labda umesahau, ni zamani. Ulikuwa na mzee amelazwa, akingoja kupasuliwa. Ukaja na yule msichana wako..."

"Nimesema sikujui!"

Mzee alimtazama kidogo, akaelewa. Aliinamisha kichwa. "Basi nimekosea," alisema. "Macho yangu siku hizi. Nisamehe, Mama." Akaendelea kuzungumza juu ya leseni.

Mimi sikusikia neno jingine. Nilikuwa nimekaa kando ya Mama, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kuuma katikati ya kiganja, mahali ambapo mshikio wa chuma wa sanduku ulinikata nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Hiki ndicho kilichotokea wakati ule. Baba aliugua tumbo akalazwa, akawa anahitaji kupasuliwa. Fedha hazikuwepo. Alfajiri moja Mama aliniamsha tukaingia karakana, akashika upande mmoja wa sanduku la vyombo vya Baba, mimi nikashika wa pili. Mlikuwa na randa zake, patasi, misumeno, kekee, vitu alivyovinunua kimojakimoja tangu ujana na alivyokuwa akivipaka mafuta kila Jumamosi. Nilimuuliza tunavipeleka wapi. Alisema vinakwenda kunolewa, Baba akirudi avikute vikali. Tulivibeba mpaka kituoni tukipumzika kila baada ya hatua chache, tukavifikisha mjini, tukapanda ngazi ndefu. Mtu aliyekuwa juu alifungua sanduku, akaitoa randa moja na kuipitishia kidole taratibu, akasema mwenye vyombo hivi ni fundi kweli. Nilijivunia maneno yale. Nilijua pia kwamba mahali pale hapakunolewa kitu, kwa sababu ukutani kulikuwa na cherehani nyingi na redio nyingi, kila moja na kikaratasi.

Baba alipasuliwa, akapona, akarudi. Alikaa wiki nyingi akiota jua, na siku alizopewa Mama za kwenda kukomboa sanduku zikapita. Hakuwa na kitu. Siku Baba alipojisikia nguvu, alitembea mwenyewe mpaka karakana, akafungua mlango, akakuta hakuna kitu. Alimwita Mama. Na Mama, badala ya kusema, alipiga mayowe.

"Tumeibiwa!"

Katika vyumba vyetu aliishi kijana mmoja kutoka magharibi aliyekuwa akifanya kazi na Baba. Baba alimfundisha ufundi, naye alikula mezani kwetu mara nyingi kuliko chumbani kwake. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Ndiye mtu wa pekee, mbali na sisi, aliyekuwa na ufunguo wa karakana. Mama hakumtaja. Kwa hilo nitamtetea daima, hakumtaja kwa kinywa chake. Lakini watu waliokusanyika waliuliza nani mwingine ana ufunguo, naye alinyamaza, na walichohitaji kilikuwa ule unyamavu tu. Huyu ni wa kuja, walisema. Hata kwao hatukujui.

Ilikuwa saa kumi ya jioni. Nilikuwa nimesimama dirishani sebuleni. Walimtoa chumbani mwake wakampiga barabarani mbele ya karakana, majirani zetu, watu ambao kesho yake nilikutana nao nikienda shule wakaniuliza mzee anaendeleaje. Mmoja alimkanyaga mkono. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, amejishikilia kwenye fremu kwa sababu ya mshono, akisema, "Muacheni, muacheni aseme tu," lakini hakuwa na sauti. Na yule kijana, kati ya miguu ya watu, aliinua kichwa akanitazama mimi. Si Baba, si Mama. Mimi. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Kisha nikashuka chini ya dirisha nikakaa sakafuni na mikono kichwani.

Waliondoka jioni ileile, yeye, mkewe na mtoto. Baba hakufanya kazi ya maana tena. Aliazima vyombo vya watu, akavirudisha, akasema havimkai mkononi. Alikufa miaka miwili baadaye akiamini kwamba mtu aliyempenda kama mwanawe ndiye aliyemwibia.

Baada ya mkutano tulirudi nyumbani kutoka ukumbini. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni na kitambaa chake cha kanisa bado kichwani. Nilipika chai kwa sababu sikujua la kufanya.

"Ulikuwa unajua?" aliniuliza.

"Tangu siku ile, Mama."

"Miaka yote hii."

"Na wewe ulijua kwamba najua."

Alitikisa kichwa, lakini hakuwa anakataa. "Nilikuwa nikisema kila siku, kesho nitamwambia baba yako. Halafu akafa. Nikasema basi, limekufa naye." Alivua kitambaa. "Halijafa. Linakuja pale barabarani kila siku saa zilezile. Nasikia viatu vyao. Nimefunga dirisha miaka kumi na miwili na bado nasikia viatu."

"Huyo mtu yuko wapi?"

Nilidhani atasema hajui. Alisema, "Mutuini."

"Umejuaje?"

"Nilimwona kwenye mazishi, miaka minne iliyopita. Alikuwa akichimba kaburi na wenzake. Nimekwenda huko mara tatu tangu siku hiyo. Nafika kwenye lango, narudi."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja. Ilikuwa imenyesha, na njia ya kushuka kwenye mashamba ilikuwa na utelezi, kwa hiyo Mama alinishika mkono kama mtoto. Wakati ule Mutuini ilikuwa bado na migomba na ng'ombe kwenye mabanda, ingawa hapa na pale nyumba mpya za kupangisha zilikuwa zimeanza kutoa vichwa. Yule mtu alikuwa mlinzi na mtunza shamba wa tajiri mmoja aliyekaa mjini. Tulimkuta akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa akikata kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliushikilia karibu na kifua, vidole viwili vikiwa vimekunjwa bila kunyooka.

Hakuonyesha kushangaa. Aliweka panga chini, akatuitia mkewe, naye akatoka na viti viwili vya plastiki akavipangusa kwa kanga. Alileta chai. Hakukaa. Alisimama mlangoni muda wote, mikono ameifunga.

Mama alisema yote. Hakulia na hakujitetea, hata ugonjwa wa Baba aliutaja kwa haraka kama jambo lisilo na uzito. Alipomaliza, tulisikia ng'ombe akitafuna.

"Nilikuwa najua," yule mtu alisema.

"Ulijua hukuiba," Mama alisema.

"Hapana, Mama. Nilijua nani alibeba sanduku. Asubuhi ile nilikuwa kwa mfereji, nanawa uso. Niliwaona mkitoka, nyinyi wawili."

Mama alishika kikombe kwa mikono miwili. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema si mimi, mpaka mdomo ukajaa damu. Nani alikuwa anasikiliza?" Sauti yake haikupanda. "Halafu nikamwona fundi pale mlangoni, na ule mshono wake. Nikajiuliza, hawa watu nikiwageuzia kwa mke wake, yeye ataanguka hapo hapo. Nikanyamaza." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umezeeka kuliko miaka yake, lakini macho yalikuwa yaleyale. "Nikakuangalia wewe. Nikasema, mtoto hawezi kunyamaza. Mtoto atasema."

Nilifungua mdomo. Neno lililotoka lilikuwa "Pole." Mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Pole ni neno tunalomwambia mtu aliyejikwaa.

Mkewe alizungumza mara moja tu, kutoka mlangoni. "Huyu mtoto wetu wa kwanza aliitwa mtoto wa mwizi shuleni. Kuna mtu wa Kabiria alihamia huku na hiyo hadithi."

Mama alipiga magoti kwenye matope. Yule mtu alisimama haraka akamshika kiwiko kwa mkono wake mzima. "Usinifanyie hivyo, Mama. Inuka. Mimi sitaki kupigiwa magoti." Alimketisha tena. "Kama unataka kunifanyia kitu, kaseme Kabiria. Mbele ya walewale. Mimi nitakuja nisikie."

Mama alimwambia kuhusu mkutano, kwamba kungekuwa na mwingine Jumapili ya pili yake, wa kukamilisha barua. Alimwambia pia karakana ipo, aichukue, iwe yake. Yule mtu alicheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kitu pekee kigumu alichotutolea siku ile. Aliuinua mkono wa kulia. "Karakana nitaifanyia nini?"

Wiki ile Mama hakufunga dirisha hata siku moja. Saa kumi ilipofika alivuta kiti akakaa hapo hapo mbele yake, akitazama barabara. Nilikaa naye siku moja niliporudi kazini mapema. Walipita watoto wa shule, akapita mtu na punda wa maji. Mama aliwafuata wote kwa macho.

Jumapili ya mkutano ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Yule mtu wa Mutuini alikuja dakika za mwisho, peke yake, katika koti safi lililomzidi mabega, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Wageni wa mtaa hawakumjua. Wenyeji walimjua polepole, mmoja baada ya mwingine. Niliona shingo zikigeuka na kurudi mbele haraka.

Mwenyekiti alisoma barua niliyoiandika. Alipofika kwenye maneno "mtaa ambao umekuwa na amani," Mama alisimama.

"Mwalimu, samahani. Hapo pana uongo."

"Uongo gani, Mama?"

Alitembea mpaka mbele. Alisema yule mzee wa duka hakukosea, kwamba anamjua, kwamba vyombo vya mumewe havikuibwa, alivipeleka mwenyewe. Alisema, "Aliyepigwa alikuwa hana kosa. Yuko pale nyuma. Mkono wake mnaweza kuuona." Kisha akavuta pumzi. "Nilibeba lile sanduku peke yangu. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Wala mtoto wangu hakujua."

Aliponitaja hakunitazama. Yule mtu ndiye aliyenitazama, kutoka kiti cha nyuma, juu ya vichwa vya watu wote wale. Hakuwa na hasira. Alikuwa akingoja, kama alivyongoja mara ya kwanza.

Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Hapakuwa na umati, hapakuwa na jiwe mkononi mwa mtu. Ningesimama tu niseme, nami nilibeba. Nilihisi miguu yangu ikijiandaa. Nikafikiria ofisini, nikafikiria wenzangu wa kwaya, nikafikiria kijana mmoja aliyekuwa amekaa safu ya tatu ambaye tulikuwa tumeanza kuzungumza mambo ya kuoana. Nikabaki nimekaa.

Mwanamume mmoja wa makamo alitoka nje. Ndiye aliyekanyaga ule mkono. Mwingine alianza kusema kwamba mambo ya kale yameshapita, na mwenyekiti akamwambia akae. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameondoa miwani, akiifuta na kuifuta. Siku ile ya kupigwa yeye alikuwa amejifungia nyumbani kwake, aliniambia baadaye, na redio ameiongeza sauti.

Mwishowe yule mtu alisimama. "Nimesikia," alisema. "Asanteni." Akavaa kofia yake akatoka.

Nilimkimbilia. Nilimfikia kwenye lango la kanisa, nikamshika koti.

"Na mimi nilibeba," nilimwambia.

"Mimi si najua?" alisema. Alielekeza kidevu ukumbini. "Ni wao hawajui."

Niligeuka. Watu walikuwa wameanza kutoka, wanawake wakifunga vitambaa, watu wakisemezana kwa sauti za chini, na akina mama wawili walikuwa wamemshika Mama kila upande. Nilipogeuka tena alikuwa ameshavuka barabara.

Barua ilipelekwa, ile sentensi ikiwa imefutwa. Sijui kama ilisomwa. Yule mzee wa mjini aliacha mwenyewe. Alimwambia mwenyekiti kwamba hataki kufungua mlango mahali ambapo mtu atashtuka kila akiuona. Nyumba ya mawe ilichukuliwa na mwuza dawa. Tulisema tumeshinda, na kwa kweli tulikuwa tumeshinda, vitu vyetu vimebaki majumbani mwetu, lakini sikumwona mtu akifurahi. Mwanamke wa mboga aliendelea kupanda gari kwenda kwa mashailoki wa mjini kila alipokwama.

Wapo waliomkwepa Mama kwa muda. Wengi walikuwa walewale waliokuwa barabarani siku ile, na nadhani walimkasirikia si kwa uongo wake bali kwa kuufuta, maana sasa walikuwa wamempiga mtu bure na hawakuwa na pa kuuweka mzigo huo. Mama hakulalamika. Aliishi miaka kadhaa zaidi. Mimi niliolewa na kijana wa safu ya tatu, na hata yeye sikumwambia mpaka Mama alipokuwa ameshazikwa. Nilipomaliza kusimulia, aliniuliza kama bado nipo palepale chini ya dirisha. Nilimwambia ndiyo.

Nilikutana na yule mtu mara moja nyingine, Mama akiwa bado hai. Ilikuwa Kawangware, asubuhi, alikuwa akinunua miche ya kabichi. Alinisalimu kwanza. Aliniuliza habari ya kazi, akauliza afya ya Mama ikoje, akaniambia mtoto wake wa kwanza amejiunga na sekondari. Niliyasubiri yale mengine, ya mimi kusema mbele ya watu. Hakuyasema. Alifunga miche yake kwa gunia lililolowa, akaiweka begani upande wa kushoto.

"Msalimie Mama," alisema.

"Nitamsalimia."

Nilifikisha salamu jioni ile. Mama alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliacha mikono ndani ya maharagwe bila kuitoa.

"Hakusema kingine?"

"Hapana, Mama. Hayo tu."

Kisha akaendelea kuchambua.